Siku Aliyobaki Lemayian

Tulimzika Baba Ijumaa moja ya Agosti iliyopita, nje kidogo ya mji wa Kajiado, nyuma ya nyumba ya kaka yangu Lemayian. Hapakuwa na mahali pengine. Boma tulikozaliwa, kule Kitengela, sasa limejaa nyumba za kupanga za orofa nne, na pale walipolala mbuzi wetu kuna mtu anauza mitungi ya gesi. Kijana aliyeshika maikrofoni alinialika nizungumze, akanitaja kuwa Mwalimu Nasieku, mkuu wa shule mstaafu, tunda la maono ya mzee. Nilisimama mbele ya hema tatu nikasema kwamba Baba alikuwa mtu wa kuona mbali. Wenzake walipokuwa wakiwaoza mabinti wa miaka kumi na mitatu, yeye alimwacha wake darasani. Watu wakapiga makofi, mchungaji wa kanisa akasema amina. Kisha akaitwa Lemayian, ambaye alimuuguza Baba kwa miaka tisa, akamwogesha na kumlisha uji kwa kijiko. Yeye alisema maneno machache tu: asanteni kwa kuja, chakula kiko upande ule, wanaotoka mbali wasichelewe barabarani. Nilikaa pale na sahani yangu ya wali na kabeji. Hakuna nililosema juu ya Baba lililokuwa la uongo, na bado sijawahi kujiona mwongo kama siku hiyo. Najua vizuri nilivyobaki darasani, na hayakuwa maono ya mtu yeyote.

Ilikuwa karibu miaka hamsini iliyopita. Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili, Lemayian kumi na minne. Katika maboma mengi ya upande ule sheria ilikuwa moja na haikuhitaji kikao: mtoto mmoja anaenda shule, mwingine anabaki na mifugo. Wasomi wakiandika siku hizi husema waliobaki walionewa. Hawaelewi. Aliyebakizwa ndiye aliyekuwa na akili, kwa sababu mali haiachiwi mjinga. Waliopelekwa shule ni wale ambao ng'ombe wasingewakosa. Mimi ng'ombe hawakunikosa hata siku moja. Lemayian alikuwa amefika darasa la nne, na mimi la tatu, ukame ulipotupiga, mchungaji wa mifugo tuliyemwajiri akaenda zake, na asubuhi iliyofuata Baba akamkabidhi fimbo. Yunifomu yake Yeyo aliipunguza akanishonea sketi. Yeyo ni mama. Sisi hatukumwita vingine. Niliivaa sketi ile mwaka mzima, na kitambaa cha nyuma bado kilikuwa kimeng'aa pale alipokuwa akikalia dawati.

Shule ikifungwa tulibadilishana. Mimi nilishika mbuzi na kondoo, yeye akapata wiki tatu za kulala mchana na kunyolewa nywele. Ila Lemayian hakulala. Alichukua madaftari yangu, akaketi kwenye kivuli cha nyumba ya Yeyo, akayasoma yote tangu ukurasa wa kwanza, kuanzia hesabu hadi sayansi na hata tarehe nilizoandika juu. Nikirudi jioni na vumbi mpaka kwenye nyusi, ananingoja mlangoni. "Hii ya kugawanya umekosa, na mwalimu amekuwekea tiki," ananiambia. "Mwalimu wenu alikuwa anasinzia ama?" Nilikasirika kila mara, na kila mara alikuwa sawa. Muhula ukiendelea alikuwa akiniomba daftari moja la zamani, analificha ndani ya shuka na kwenda nalo malishoni. Yeyo alijua, Baba hakujua. Nikikumbuka mwaka ule kwa utulivu, naona kwamba tulikuwa na mwanafunzi mmoja pale nyumbani, na hakuwa mimi.

Mtu mwingine aliyeona hivyo alikuwa Mwalimu Githinji, Mkikuyu aliyewahi kufundisha Kajiado akahamia Nairobi, rafiki ya Baba kwa sababu ya ng'ombe aliowahi kununua kwake. Mwezi wa saba alikuja kutuamkia. Nilikuwa nimelala upande wa ndani, nyuma ya ukuta wa fito uliotenganisha kitanda chetu na mahali pa moto, na ukuta ule haukuzuia hata kikohozi. Nilisikia sufuria ya chai ikiondolewa motoni, nikasikia Mwalimu akipuliza kikombe chake. Alisema amemkuta Lemayian malishoni na daftari, amemuuliza maswali ya darasa la sita, akajibu yote. "Mzee, huyu kijana unamharibu," alisema. "Iko shule moja ya bweni, mkuu wake ni mtu wangu. Niletee kijana mwezi wa nane nimwone na huyo mkuu akiwako, kabla muhula kuanza. Ataingia darasa la tano hata kama ni mkubwa."

Baba alisukuma kuni motoni. "Na mbuzi?" akauliza.

"Si uko na msichana?"

"Niko naye," Baba akasema. "Huyo ameshajua kusoma barua. Hiyo inatosha."

Hapo ndipo uliponipata uchungu ambao sijui kama nitauandika sawasawa. Yeyo aliongeza maziwa kwenye chai, nikasikia kijiko kikigonga sufuria. Nilingoja bure anitetee. Ningeweza kumlaumu, na kwa miaka mingi nilimlaumu, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kuulizwa chochote katika nyumba aliyoijenga kwa mikono yake. Nilichoelewa mimi ni kitu kimoja: kiti kilikuwa kimoja, na nilikuwa nimekikalia kwa muda tu. Lemayian alikuwa amelala kando yangu, au nilidhani amelala. Alivuta pumzi polepole. Niliuchukia usingizi wake.

Baba hakusema wazi sababu ya safari. Alitangaza tu kwamba shule ikifungwa tutaenda Nairobi sote, siku moja, asubuhi hadi jioni, tuone mji. Baba Wangari, mwenye duka pale Kitengela, alikuwa anaenda na pikapu yake kuchukua bidhaa, angetupeleka na kuturudisha. Mbuzi na kondoo wangechungwa na jirani siku hiyo. Wiki mbili nzima nyumba haikuwa na habari nyingine. Yeyo alitengeneza upya hereni zake za shanga. Baba alitoa koti lake la kijivu akalianika kwenye miiba ya ua litoke harufu ya moshi. Lemayian hakuwahi kufika Nairobi, ingawa usiku tulikuwa tukiona mwanga wake ng'ambo ya mbuga ya wanyama, na kila jioni alikuwa na swali jipya. Watu wa orofani wanapata maji namna gani? Ni kweli kuna nyumba inayopanda na watu ndani yake? Jioni ya mwisho aliosha akala zake, zile ndala za tairi, akaziweka zielekee mlangoni. Ninavyoandika haya natamani kumshika yule msichana wa miaka kumi na miwili mabegani nimtikise. Sijui ningemwambia nini. Alikuwa na haki ya kutaka shule, na hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, kwamba nilitaka kitu cha haki.

Asubuhi ile niliamka kabla ya wote. Nikavaa kila kitu, sketi, sweta na viatu vya shule nilivyopaka rangi usiku, kisha nikatoka. Zizi la mbuzi lilikuwa na lango lake dogo upande wa mtoni, tawi kubwa la mgunga linalovutwa jioni kuziba mwanya. Nililishika kwenye shina mahali pasipo na miiba, nikalivuta kando. Mbuzi hawahitaji kuambiwa. Yule jike mwenye kengele alininusa, akapita, wengine wakafuata katika ukungu wa Agosti kuelekea mtoni, na ng'ambo ya mto ni mbuga, ambayo upande wetu haikuwa na ua. Nilirudi ndani nikajifunika blanketi na viatu vyangu. Ni Lemayian pekee aliyeweza kuwarudisha. Alijua kila mbuzi kwa kwato zake. Nilikuwa nimelifikiria hilo pia.

Aliyegundua ni yeye. Alikwenda kuwatazama mara moja kabla ya kuoga, kisha nikasikia anamwita Baba kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Tulipotoka, Lemayian alikuwa amesimama kwenye mwanya ule, tawi la mgunga mkononi, amelikokota huku na huku. Baba aliinama akaangalia chini, akaona alama za akala za Lemayian na vumbi lililovurugwa. Pikapu ilikuwa tayari inapiga honi kando ya barabara.

"Nani alifunga jana?" Baba akauliza.

"Ni mimi," Lemayian akasema.

"Ulifunga?"

Alinitazama. Hakunitazama kwa muda mrefu. "Nilifunga," akasema, "lakini labda sikukaza."

Baba Wangari alikuja kwa miguu hadi uani, akipangusa mikono. "Wazee, pole kwa hiyo taabu, lakini haki mimi siwezi ngoja. Niko na mzigo ya kuchukua, na wakifunga stoo nimekwisha."

Nilidhani Baba angeahirisha. Hiyo ndiyo ilikuwa hesabu yangu ya kitoto: siku ipite, mkuu wa bweni asimwone Lemayian, shule ifunguliwe, basi. Sikufikiria zaidi ya hapo. Lakini Baba alivaa koti lake la kijivu. "Aliyeacha lango wazi ndiye atakayewarudisha," alisema, mbele ya Baba Wangari, mbele ya jirani aliyekuja kuchukua mbuzi wasiokuwepo. "Mtu hawezi kufunga mbuzi, atafungua kitabu?" Lemayian aliweka tawi chini, akachukua fimbo, akaenda mtoni bila kunywa chai.

Nairobi niliiona yote siku hiyo. Tulipanda lifti katika jengo moja refu. Yeyo aliingia, mlango ulipoanza kujifunga akaruka nje, akatungoja chini akimsalimia kila aliyepita. Tuliona nyoka nyuma ya vioo. Tulitembea kando ya maji ambapo watu walilipa ili wapigiwe makasia kwenye mashua zisizokwenda popote. Saa saba tulikaa katika hoteli ya viti vyekundu, tukaletewa chipsi, soseji na soda, na Yeyo akauliza ile soseji ni sehemu gani ya ng'ombe. Mhudumu akacheka, Baba akacheka, mimi nikacheka kwa nguvu kuliko wote. Nilifurahi, hilo lazima niliseme. Watu wakisimulia majuto yao hujifanya kwamba dhambi ilikuwa chungu tangu mwanzo. Yangu ilikuwa tamu mpaka saa tisa alasiri.

Saa tisa tulifika kwa Mwalimu Githinji, nyumba ya mawe karibu na reli. Sebule yake ilikuwa na sakafu nyekundu iliyopakwa nta, na yule mkuu wa bweni alikuwa ameketi karibu na dirisha, kofia gotini. Mke wa Mwalimu alituletea mkate wenye siagi. Nikainama kuokota kipande kilichoniponyoka, nikaona nyayo zangu zimeandikwa kwa vumbi kwenye ile nta, toka mlangoni hadi kitini: mistari ya kupinda, na duara kisiginoni. Nyumbani kwetu hapakuwa na viatu vingine vya namna hiyo. Hapakuwa na viatu vingine kabisa. Sisi ni watu ambao mtoto wa miaka mitano anakuambia ni ndama yupi alipita na alikuwa anachechemea mguu upi, na mimi nilikwenda langoni na viatu vya shule. Nikavuta miguu chini ya kiti.

"Kijana yuko wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Kijana ameshindwa na lango," Baba akasema, akaeleza. Niliona jinsi alivyoona haya. Mkuu wa bweni akageuza kofia yake gotini. "Siwezi kumngoja, mzee," akasema. "Nafasi ni moja na wanaoitaka ni wengi. Tena kama hajali mali yenu, atajali yetu?" Mwalimu Githinji alijaribu kumtetea. Kisha, nadhani ili kuondoa aibu sebuleni, akanipa gazeti nisome. Nilisoma habari ya bei ya mahindi bila kukosea. Sauti yangu ilitetemeka, wakadhani ni heshima. "Basi huyu msimtoe shule," Mwalimu akamwambia Baba. "Angalau huyu." Baba akaitikia kwa kichwa. "Mungu ameamua," akasema. Maneno hayo aliyarudia maisha yake yote, kila nilipofaulu mtihani, kila nilipopandishwa cheo, na kila mara nilishukuru.

Tulifika nyumbani jua likizama. Nilikwenda moja kwa moja kwenye lango dogo, nikakuta vumbi limefutwa lote, na juu yake alama za miiba ya lile tawi. Nikajiambia ni mbuzi waliofuta waliporudi. Nilikuwa na akili ya kutosha kujua mbuzi hawafuti hivyo. Lemayian alikuwa ameketi nje, miguu imechanika kwa miiba. Alirudisha wote ila wanne. Fisi walikuwa wameshawapata watatu, na yule jike mwenye kengele hakuonekana tena. Baba alipita kando yake bila kumsalimia. Nilikuwa nimemletea chipsi kwenye gazeti, zimepoa, zimelegea. Alizila zote polepole.

"Ziko na chumvi," akasema.

Nikangoja aniulize habari za orofa na lifti. Hakuniuliza. Shule ilipofunguliwa hakuniomba daftari, wala muhula uliofuata, wala tena. Nilikuwa nikiyaacha makusudi kwenye kivuli cha nyumba, yakipeperushwa na upepo, na yeye akiyaokota na kuyarudisha ndani bila kuyafungua. Desemba nilikuwa wa kwanza darasani. Baba alichinja kondoo. Lemayian ndiye aliyemshika miguu.

Miaka yote niliyofundisha niliwaambia watoto wa watu waseme ukweli. Niliwapiga wengine kwa uongo mdogo kuliko wangu. Nilimjengea Lemayian nyumba ya mabati, nikawasomesha wanawe wawili, na kila aliponishukuru nilijiona nimepunguza kitu. Kwa Baba nilienda Krismasi na Pasaka na blanketi mpya. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia kila mara, tukiwa wawili tu, redio ikinong'ona. Lakini alikuwa akifurahi mno kuniona, na nilikuwa napenda jinsi alivyofurahi.

Jumapili baada ya mazishi, hema zilipokwisha ondolewa, mimi na Lemayian tulikuwa katika chumba cha Baba tukikunja matandiko yake. Kilikuwa kimebaki kitanda, redio, na makopo ya dawa dirishani. Nilishika pembe mbili za blanketi, yeye mbili, tukasogeleana kukunja, na nikamwambia. Nilimwambia lote, alfajiri, tawi, viatu, gazeti. Nililia, mimi mwanamke mzima wa miaka sitini na moja. Alinisikiliza mpaka mwisho, akachukua blanketi mikononi mwangu akamalizia kulikunja mwenyewe.

"Nasieku," akasema, "hiyo mimi nilijua siku ile ile. Viatu ilikuwa ni yako peke yako. Ni mimi nilifuta."

"Kwa nini hukusema?"

"Nikisema, Baba angekutoa shule siku hiyo. Halafu tungekuwa wawili wa kuchunga." Alikaa kitandani, akaegemea fimbo yake kwa mikono miwili. "Nilifikiri ukimaliza shule utamwambia. Ukamaliza. Nikasema labda akiajiriwa. Nikasema labda Yeyo akifa, atalia, atasema. Hata ile siku ulikuja na gari, mimi nilitoka nje makusudi niwaachie nafasi."

"Nisamehe, kaka yangu."

"Kukusamehe si kazi, nilimaliza zamani. Lakini mimi si mtu wa kuambiwa. Wa kuambiwa ni yule tumefukia Ijumaa." Hakusema kwa hasira. Angesema kwa hasira ningeshukuru. "Wewe hukuwa unakaa hapa jioni. Unajua alikuwa ananiuliza nini kila jioni? 'Lemayian, umefunga?' Niko na wajukuu, niko na mvi, na bado, 'Umefunga?' Hata hii wiki ya mwisho, sauti imeisha, naweka sikio hapa kwa mdomo yake, nafikiri labda anataka kunibariki. 'Umefunga?'"

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia nimefunga, Baba. Nimekaza." Alitazama dirisha lenye makopo. "Akatuma mtoto aende aangalie."